Kikombe cha Mlangoni

Marita binti Fanueli alikuwa mwoga. Tuseme ukweli tangu mwanzo, asije mtu akadhani hizi ni habari za mwanamke wa chuma. Aliogopa radi. Aliogopa ng'ombe wenye pembe ndefu, aliogopa kuku anayetamia, na zaidi ya hayo aliogopa kusemeshwa mbele za watu. Siku ya kipaimara chake aliulizwa jina, akalisahau, ikabidi mchungaji amnong'oneze. Sasa alikuwa na miaka ishirini na mmoja, mwaka ni 1952, na hofu zake zote bado alikuwa nazo, ila moja ilikuwa imezipita nyingine zote: sauti ya baba yake inaposhuka. Mzee Fanueli hakuwa mtu wa kufoka. Alishusha sauti tu, na nyumba nzima ikajua kwamba mazungumzo yamekwisha.

Kumbe mwoga naye hupenda. Marita alimpenda Lusubilo seremala, akampenda mpaka akaona aibu kwa jinsi alivyompenda, na kwa jambo hilo hakuwa na namna ya kukimbia.

Jumamosi ile alikuwa nyuma ya kanisa, amechuchumaa mbele ya karai, anaosha vyombo vya Meza ya Bwana. Kijiji chao kilikuwa juu ya Chapwa, mahali ambapo asubuhi isiyo na ukungu unaiona barabara ya Tunduma yote, mpaka pale inapovuka mpaka na kuingia Rhodesia. Kazi ya vyombo ilikuwa yake tangu usichana: kikombe kikubwa cha fedha, sahani ya mkate, kitambaa cheupe. Na kwa miezi minane sasa kulikuwa na kikombe kingine, cha bati, cheupe chenye ukingo wa buluu. Hicho alikitumia mtu mmoja tu, naye alinywea mlangoni.

Mtu huyo ni Lusubilo. Mabenchi yote ya kanisa lile ni yeye aliyeyaranda, miaka mitano nyuma, akiwa kijana wa miaka ishirini na mbili mwenye mabega mapana na kicheko cha kusikika mpaka kisimani. Kisha likamtokea baka shingoni, jingine mkononi, vidole viwili vya mkono wa kushoto vikaanza kupinda. Akachukuliwa kwenda kambi ya wakoma. Alikaa huko miaka mitatu, akimeza vidonge na kuchomwa sindano, akarudi na cheti cha daktari chenye muhuri: mtu huyu amepona, hawezi kumwambukiza yeyote. Cheti kilisomwa kanisani, watu wakasema amina, na Jumapili iliyofuata hakuna aliyekaa benchi moja naye.

Wazee wa kanisa walikutana, wakaomba, wakatoka na uamuzi waliouona wa upole. Ndugu asitengwe na Meza. Ila awe na kikombe chake, anywe baada ya wote, akisimama pale mlangoni. Mzee Fanueli, aliyekuwa mzee wa Meza, ndiye aliyeshuka Tunduma kukinunua kikombe hicho, na akarudi akiwa na furaha kama mtu aliyetenda wema. Wanawake waliagizwa wasikioshe kwa mkono. Kimwagiwe maji ya moto, basi, kianikwe.

Miezi minane Marita alikuwa akikiosha kwa mkono. Alikisugua kwa majivu ndani na nje, akapitisha vidole ukingoni pale midomo inapogusa, akakikausha kwa upindo wa kitenge chake. Hakumwambia mtu. Ushujaa wake wote mpaka siku ile ulikuwa huo, na ulitoshea ndani ya karai.

Alisikia hatua, akageuka. Lusubilo alikuwa amesimama mbali, hatua kama kumi, maana siku hizi alizoea kusimama mbali na watu kabla hawajamwambia.

"Sogea," Marita alimwambia.

"Hapa panatosha. Nimekuja kukuaga."

Mikono ya Marita ikasimama ndani ya maji. Lusubilo alieleza haraka, macho yakiwa chini, kama mtu anayesoma barua ya mwingine. Kuna lori linaondoka Tunduma Jumatatu na watu wanaokwenda kutafuta kazi migodini. Maseremala wanahitajika huko. Huko hakuna anayemjua, mabaka yamefifia, na vidole viwili vilivyopinda atasema aliangukiwa na gogo.

"Na mimi?" Marita aliuliza.

Wote wawili walijua habari ya jembe. Kwa desturi yao, mshenga huja na jembe jipya akalilaza kizingitini. Likiingizwa ndani, mambo yamekubalika. Likikataliwa, hurudishwa mkono kwa mkono na neno zuri, hata adui hufanyiwa hivyo. Wiki mbili zilizopita Zebedayo, mjomba wake Lusubilo, alilaza jembe kizingitini kwa Mzee Fanueli. Likarudi limeviringishwa majani ya mgomba, lisiguswe na mkono wa mtu. Zebedayo alilia njiani, mtu mzima na mvi zake.

"Wewe utaolewa na mtu ambaye jembe lake halifungwi majani," Lusubilo alisema. "Nami sitakulaumu. Marita, wewe una moyo wa huruma, umeniheshimu watu wote waliponiogopa. Lakini huruma si ndoa."

Neno lile lilimchoma. Marita aliinuka, maji yakimchuruzika viwikoni, na kwa mara ya kwanza katika maisha yake akamkasirikia mtu mpaka akasahau kuogopa.

"Nani kakuhurumia? Ulipokuwa unaranda mabenchi haya, mimi nikiwaletea togwa, ulikuwa unaweka randa chini na kukipokea kibuyu kwa mikono miwili. Ukaniangalia. Sijalala vizuri tangu siku ile, Lusubilo, na wakati huo hukuwa na baka hata moja. Mimi nakupenda. Nimechoka kukupenda kwa kujificha, ndiyo tu."

Lusubilo alimtazama. Macho yake, ambayo kwa miezi minane yalizoea kutazama vumbi, yakamtua Marita usoni na kubaki pale, naye Marita akahisi joto limempanda mpaka masikioni, asubuhi ile ya baridi ya Juni.

"Basi baba yako," hatimaye alisema kwa sauti ndogo. "Kesho atanimiminia tena bila kunigusa, ananyoosha mkono kama anayelisha mbwa mkali. Naweza kuvumilia mengi. Kunywa damu ya Bwana namna ile, mbele yako, siwezi tena. Nikikaa hapa nitanywea mlangoni mpaka siku ya kufa."

"Kesho hutanywa peke yako."

"Una maana gani?"

Marita mwenyewe hakuwa na hakika ana maana gani. Neno lilimtoka kabla hajalipima. Lusubilo akatabasamu kidogo, kwa upendo na kwa kutoamini, akamkumbusha kwamba yeye ni yule yule anayezunguka nyumba nzima ili asipite karibu na kuku wa mama yake. Marita akacheka kwa machozi. Kisha Lusubilo akaondoka, na hakusema kama kesho atakuja.

Jioni, jikoni, Marita alijaribu. Mama yake, Loisi, alikuwa anasonga ugali wa ulezi, mwiko unazunguka, jasho linamtoka. Loisi alikuwa mwanamke wa maneno machache na mikono mingi, na katika nyumba ile ndiye aliyelipinga jembe la Lusubilo kuliko hata mumewe. Marita alianza kwa mbali, akazunguka zunguka, mama akamkata.

"Najua unakokwenda. Usifike." Akaendelea kusonga. Kisha akasema, bila ukali wowote, na ndiyo maana maneno yaliuma zaidi: "Utamzalia watoto ambao hakuna jirani atakayewabeba. Umelifikiria hilo? Mtoto analia njiani, watu wanapita pembeni. Mimi nimeona mtu akikimbiwa hivyo. Sitaki kuona mara ya pili."

Marita alitaka kuuliza ameona wapi, lakini Mzee Fanueli aliingia kwa ajili ya sala, na swali likamfia mdomoni. Baada ya kula baba alisoma habari ya mkoma aliyemjia Bwana, na jinsi Bwana alivyonyoosha mkono akamgusa. Aliisoma vizuri, kwa sauti nzito, akafunga Biblia, akasema tuombe. Marita alikodoa macho. Baba yake alikuwa amefumba ya kwake kwa unyenyekevu kabisa. Haikumpitia akilini kwamba habari ile ilihusu mtu anayeishi nyumba ya sita kutoka pale.

Marita akainamisha kichwa. Sala yake hakuisema kwa sauti. "Bwana, sikuombi ujasiri mkubwa, maana nisingejua niuweke wapi. Kesho nipe miguu tu. Mdomo nitaona."

Jumapili ukungu ulishuka mpaka mlangoni pa kanisa. Wanawake walikaa kushoto wamejifunika mablanketi, wanaume kulia. Lusubilo alikuja. Alisimama pale pale pake, bega likiwa limeegemea mwimo wa mlango alioupachika yeye mwenyewe, na nje, chini ya ukuta, Marita aliona furushi lake limekwisha kufungwa. Kwa hiyo angeondoka moja kwa moja toka ibadani, hata Jumatatu hangengoja nyumbani.

Mchungaji Nathanaeli alibariki mkate na divai, kikombe kikubwa na kile cha bati pamoja, kwa maneno yale yale. Wanaume walitangulia. Walipanga mstari mbele, Mzee Fanueli akakipitisha kikombe cha fedha kinywa kwa kinywa, akikifuta ukingo kwa kitambaa. Kisha wanawake wakaitwa. Benchi la Marita likasimama. Marita hakusimama. Loisi alimgusa kwa kiwiko, akamgusa tena, kisha akaenda mbele, akanywa, akarudi, akamtazama binti yake kwa macho ya kuuliza kama anaumwa.

Alikuwa anaumwa kweli. Alishikilia ukingo wa benchi kwa mikono yote miwili. Mzee Fanueli alikwisha kuchukua kikombe cha bati na chupa ya divai, anatembea taratibu kuelekea mlangoni, watu wakiangalia mbele kwa adabu kama walivyofanya kila mara, wasione. Akamkabidhi kikombe kwa kukishika mwisho wa sikio, akanyoosha mkono, akamimina kidogo. Lusubilo akanywa.

Na hapo miguu ikaja. Marita hakujua imetoka wapi. Aliona tu kwamba yuko katikati ya kanisa, kati ya wanaume na wanawake, anatembea kurudi nyuma wakati kila mtu ameelekea mbele, na viatu vyake hakuwa navyo, alikuwa ameviacha chini ya benchi. Alifika mlangoni akasimama upande wa kushoto wa Lusubilo, bega kwa bega, ubavuni mwa ule mkono wenye vidole vilivyopinda.

"Baba," alisema, "na mimi sijanywa."

Sauti ya Mzee Fanueli ilishuka. "Kikombe chako kiko mezani, mwanangu. Rudi."

Ilikuwa ile sauti. Siku nyingine zote ingetosha. Marita alihisi hofu yake ya miaka ishirini na mmoja imemkamata shingoni, haijapungua hata chembe. Alishangaa kuona kwamba mtu anaweza kuogopa kiasi kile na bado akabaki amesimama.

"Na hiki kimebarikiwa, Baba. Nimemsikia mchungaji. Au kilibarikiwa nusu?"

Lusubilo alinong'ona, usifanye hivi, utajiharibia maisha. Kikombe kilikuwa bado mikononi mwake, na ndani yake mlikuwa na funda moja la divai. Marita alimgeukia, akanyoosha mikono miwili, akangoja.

Ukiulizwa nani alikuwa shujaa siku ile, usimsahau Lusubilo. Kumpa mtu umpendaye kitu ambacho dunia nzima imekwambia kitamuua si jambo dogo, hata kama una cheti chenye muhuri. Alimtazama machoni kwa muda ambao watu walisema baadaye kwamba ulikuwa mrefu kama mahubiri. Kisha akakiweka kikombe mikononi mwake, na vidole vyake, vile viwili vilivyopinda, vikagusa vidole vya Marita na havikuondoka upesi. Marita aliinua akanywa pale pale alipokunywa yeye. Divai ilikuwa chachu. Bati lilikuwa na joto la midomo yake.

Benchi la wanawake likalia. Loisi amesimama. Alikuja akitembea kwa kasi, blanketi likimwanguka begani, na watu wote walijua anakuja kumburuta binti yake nje, hata Mzee Fanueli alisogea kumpisha. Marita akafumba macho.

Mama hakumburuta. Alisimama mbele ya Lusubilo, karibu kabisa, akamwangalia usoni kama anayemtafuta mtu mwingine humo.

"Nilikuwa na kaka," alisema. "Hajawahi kutajwa nyumbani kwangu, hata mume wangu hamjui. Alipougua alijengewa kibanda porini, kule kwetu Kamsamba. Mimi nilikuwa nampelekea wali, nauacha kwenye jiwe, nakimbia. Miaka minne. Alikuwa ananiita kwa jina, Loisi, Loisi, ngoja kidogo tu nikuone. Sikungoja hata siku moja. Nilijiambia ni busara."

Akakichukua kikombe cha bati kutoka kwa binti yake. Akakiinamisha akaona ni kitupu. Akakinyoosha kwa mumewe.

"Mimina, Baba Marita."

"Mama Marita, wewe umekwisha kunywa."

"Mimina."

Mzee Fanueli akamimina, chupa ikagonga bati, na matone mawili yakamwangukia Loisi kwenye kifundo cha mkono. Loisi alikunywa yote. Kisha akamshika Lusubilo mkono, ule wa kushoto, akaushika kama mama anavyomshika mtoto sokoni asipotee, na hakuuachia mpaka wimbo wa mwisho ulipokwisha. Lusubilo alilia waziwazi. Alikuwa hajashikwa mkono na mtu yeyote wa kijiji kile kwa miaka mitatu na miezi minane.

Baada ya ibada watu walisimama uwanjani vikundi vikundi, wakinong'ona. Wengine walikwenda zao haraka, na tusiwasingizie kwamba wote waligeuka siku hiyo hiyo, maana hawakugeuka. Marita alikaa kwenye ngazi, miguu peku. Lusubilo alisimama karibu naye, si hatua kumi wala tano. Furushi lilikuwa pale ukutani na hakuna aliyeligusa.

Mzee Fanueli alitoka wa mwisho. Alikuwa na kofia mkononi, anaizungusha. Alipita mbele ya wazee wenzake bila kuwajibu, akaja mpaka kwenye ngazi, na Marita akainuka kwa mazoea ya hofu. Baba hakumtazama yeye kwanza. Alimtazama kijana.

"Kile kikombe nilikichagua mimi," alisema. "Dukani nilikaa sana, natafuta kizuri. Nilidhani nakupenda." Akaizungusha kofia tena. "Binti yangu anaogopa kuku, Lusubilo. Mimi nilishawahi kumfukuza chui kwa mkuki. Na leo yeye ndiye aliyekuja mpaka mlangoni."

Marita alingoja sauti ishuke. Haikushuka. Ilipanda, ikapasuka kidogo katikati, kama ya mtu anayetaka kulia na hajui kunafanywaje.

"Huendi Tunduma," Mzee Fanueli alimwambia Lusubilo, akanyoosha mkono wake wa kulia, ukabaki hewani mpaka Lusubilo alipoupokea kwa mikono yake yote miwili. "Mwambie Zebedayo aje nyumbani na jembe. Aje kesho alfajiri, tafadhali, kabla sijaanza kuogopa tena."